Posa Niliyoipeleka Mombasa kwa Kiswahili cha Shambani

Niliondoka Njoro kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa na jina: Zuhura. Mengine niliyowaambia watu wa kambini, kwamba naenda kuiona bahari, kwamba naenda kutafuta vipuri vya trekta, yalikuwa uongo, nao waliyapokea kama uongo. Walinitakia safari njema huku wakikonyezana.

Zuhura alikuwa binti wa watu wa Mombasa, Mji wa Kale, aliyeletwa Nakuru kumsaidia ami yake, Mzee Athmani, mwenye duka la nguo karibu na soko. Mimi nilikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la ngano la Mzungu mmoja. Kila Jumamosi nilikuwa na haja ya kitu dukani: leo kifungo, Jumamosi ijayo uzi wa kushonea kifungo hicho. Tulisemezana juu ya meza ya duka, ami yake akiwa pale pale anapima vitambaa, na kila nikifungua mdomo Zuhura alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Nilidhani ananipenda. Siku moja Mzee Athmani akanihurumia akaniambia kwamba binti anakicheka Kiswahili changu. Nikamuuliza, na kupenda je? Akasema, "Hayo kamuulize babake."

Lazima niwaeleze Kiswahili hicho, maana hiki mnachokisoma sicho nilichopanda nacho gari la moshi. Hiki nimekipata baadaye, tena kwa jasho. Baba yangu alikuwa askari wa keya, lile jeshi la Waingereza, mtu wa Kitui aliyesilimu akiwa jeshini. Mama yangu alikuwa Mnandi. Walikutana kambini kwa wafanyakazi wa shamba hilo, na hakuna aliyejua hata neno moja la kwao mwenziwe. Lugha waliyokuwa nayo wote wawili ni ile aliyoitumia Mzungu kuwatuma: lete, peleka, ngoja, hapana, upesi. Kwa maneno hayo machache walichumbiana, wakaoana, wakatuzaa sita, wakagombana na kupatana. Watu wengine kambini waliitumia kazini, wakirudi nyumbani wanaivua pamoja na viatu. Sisi hatukuwa na nyingine ya kuvaa.

Basi ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, na Mzee Athmani akaniita kando. "Kuna karani wa forodha ameanza kuulizia kule Mombasa. Kaka yangu atamwita binti arudi kabla ya mwezi wa kufunga. Ukitaka, nenda sasa. Na ukifika, nenda kwanza kwa Mzee Shee, fundi cherehani, mtaa wa Kibokoni. Yeye atakupa njia."

"Mimi hapana taka fundi," nikamjibu. "Mimi iko na suti."

Mzee Athmani akatazama dari.

Nakuru mpaka Nairobi nilikaa dirishani, na Nairobi nikabadilisha gari. Daraja la tatu lilikuwa limejaa watu wa kila namna: Wajaluo waendao kazini bandarini, Wakamba wenye vinyago, mama mmoja wa Kigiriama na kuku wake. Tulielewana vizuri sana, maana wote tulisema Kiswahili cha namna yangu, hata kuku nadhani alielewa. Nililala usingizi mzuri nikiamini kwamba Kiswahili ni hicho, na kwamba Mombasa, kwa kuwa ndiko kwenyewe, watakuwa nacho hicho hicho kingi zaidi.

Mariakani, jua lilipochomoza, nikaona minazi. Nikavaa suti. Tulipovuka Makupa kuingia kisiwani, maji huku na huku na malori yamepanga foleni kwenye barabara iliyo kando ya reli, nilikuwa nimekwisha loa jasho kama mtu aliyenyeshewa, lakini tai sikuilegeza. Mtu anayekwenda kuoa halegezi tai.

Stesheni nilishuka saa mbili asubuhi, nikatembea kwa miguu kuelekea Mji wa Kale. Vichochoro vikazidi kuwa vyembamba, nami nikazidi kupotea, mpaka nikamkuta muuza kahawa ameketi barazani na madele yake, yale mabirika ya shaba. "Wewe!" nikamwita. "Kibokoni iko wapi?"

Muuza kahawa akainua uso taratibu. "Waalaikum salaam," akasema.

Mimi sikuwa nimemsalimu. Nikasimama pale nikifikiri labda ni mgonjwa wa masikio. "Kibokoni!" nikarudia kwa nguvu zaidi. "Iko wapi?"

"Mimi ni mzima, alhamdulillah," akajibu. "Na wewe u hali gani? Na watu wa utokako? Haya, Kibokoni ndiyo hapa. Umesimama juu yake."

Nikamuuliza nyumba ya Bwana Omari, baba yake Zuhura. Akanionyesha kwa kidole mlango wa tatu, na nilipoondoka nilimsikia akicheka na wateja wake. Duka la Mzee Shee nililipita njiani. Nilimwona ndani, mzee mwembamba amelalia cherehani yake, kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, kichwani. Nikajiambia, huyu ana kazi zake nami nina zangu, ya nini kupoteza wakati?

Huko shambani kwetu, ukitaka kitu kwa Mzungu unakwenda mbele ya ofisi, unasimama wima, unasema unachotaka, anakwambia ndiyo au hapana, unaondoka. Ukianza kumuuliza habari za nyumbani kwake atadhani umeiba kitu. Ndivyo nilivyojua mambo yanavyoendeshwa duniani. Basi nikaugonga mlango wa Bwana Omari kwa ngumi, nikapokewa, nikaketishwa kwenye chumba cha mbele. Bwana Omari alikuwa mtu mnene, mpole, aliyevaa kikoi na fulana nyeupe. Alianza kuniuliza hali, na njia, na mvua za huko juu, na afya ya wazee wangu, nami nikaona mtu huyu anachelewesha kazi. Nikasimama wima.

"Mimi Juma ya Njoro," nikasema. "Mimi nataka oa Zuhura. Mimi iko na ng'ombe nne na kazi ya trekta. Wewe sema ndiyo ama hapana. Mimi narudi Jumapili."

Chumba cha ndani, nyuma ya pazia, vyombo vilivyokuwa vikigongana vikatulia. Bwana Omari akasema kwa sauti ya upole sana, "Karibu kahawa."

Nikanywa kahawa. Akaniuliza kama reli ilikuwa na watu wengi. Nikamwambia mingi sana. Akasema safari huchosha, mgeni hupenda kupumzika, na kabla sijajua nilikuwa nimesindikizwa hadi mlangoni na kuombewa dua. Nilitoka kifua mbele. Niliona mambo yamekwenda vizuri mno, mtu hata hakukataa.

Kwa kuwa nilikuwa na wakati, nikaona sasa si vibaya kumpitia yule fundi nimpe salamu za Mzee Athmani. Mzee Shee alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akanisikiliza huku akishona kola ya kanzu. Nilipofika pale nilipotaja posa, mguu wake ukasimama kwenye kibao cha cherehani.

"Umekwenda na nani?" akauliza.

"Mimi moja."

"Na aliyesema ni nani?"

"Mimi."

"Kwa mdomo wako huo?"

"Ndiyo, mzee."

Mzee Shee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena anitazame vizuri. "Mwanangu," akasema, "nimeshona kanzu za harusi katika mji huu tangu sijaota ndevu. Sijapata kuona mwanamume akajiposea mwenyewe. Watu huenda wazee. Wazee husema, na wazee hujibiwa. Mwenye haja hukaa kwao akaumwa na tumbo. Wewe umeingia nyumba ya watu ukamwamrisha baba mtu akupe binti, tena upesi upesi, una gari la Jumapili!"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na jasho la sasa halikuwa la suti. Nikamwona yule karani wa forodha, ambaye sikupata kumwona maishani, amekaa na wazee wake wanne wenye kanzu safi, wakisema maneno matamu. Nikamwambia Mzee Shee kwamba Zuhura akiolewa na mtu mwingine mimi ile trekta nitaipeleka mpaka iingie Ziwa Nakuru. Niliyasema kwa lugha yangu, lakini aliyaelewa.

"Hebu niambie," akasema, "Kiswahili hiki nani kakufundisha?"

"Baba na mama."

"Na wao?"

"Mzungu."

"Na Mzungu kafundishwa na nani?"

Nikafikiri. "Mpishi yake."

"Na huyo mpishi?"

"Mzungu."

Mzee Shee akacheka mpaka bobini ya uzi ikaanguka chini. "Lo! Mzungu kamfundisha mpishi, mpishi kamfundisha Mzungu, na kila mmoja anadhani mwenziwe ndiye mwenye lugha! Na sisi wenyewe tuko hapa, hakuna aliyekuja kutuuliza." Alipomaliza kufuta machozi akaokota bobini yake. "Haya. Athmani ni rafiki yangu, na wewe huna mzee hapa mjini. Nitakwenda mimi. Nitachukua na wenzangu wawili. Ijumaa, baada ya alasiri. Wewe utakaa karibu na mlango, ukiulizwa hali utajibu 'njema', kisha utaufunga mdomo kama ulioshonwa na mimi."

Siku mbili zilizofuata nilijifunza kusalimu. Nilikuwa mgeni wa Mzee Shee, nikilala chumba cha nyuma ya duka, na asubuhi baada ya mahamri na mbaazi aliniketisha aniulize hali. Kumbe salamu za Mombasa si kitu cha kupita nacho, ni kazi ya kutwa. Nikijibu haraka ananirudisha mwanzo. Nikisahau kuuliza habari za nyumbani ananirudisha mwanzo. Siku ya Alhamisi nilichoka kabisa, nikamuaga nikaenda kutembea upande wa Mbaraki kutazama meli.

Mbaraki, saa tano. Jamani, nilikuwa nimefika nyumbani! Nyapara wa Kijaluo anawapigia kelele wapagazi wa Kikamba, karani wa Kigoa anampigia kelele nyapara, Mhindi mwenye mzigo anampigia kelele karani, na Mwingereza mwenye kaptura anawapigia kelele wote, na lugha ni ile ile yangu: weka hapa, hapana hapo, haya kwenda, upesi! Nilikaa juu ya gunia nikasikiliza kama mtu anayesikiliza ngoma ya kwao. Lakini kadiri nilivyokaa, nikaona jambo. Katika saa nzima sikumsikia mtu akimuuliza mwenziwe kama amelala salama. Lugha yangu ilikuwa pale inabeba magunia, hakuna mtu aliyeiambia iketi. Ilinichoma moyo, nasema kweli. Nikarudi Kibokoni polepole.

Ijumaa alasiri tulikwenda, wazee watatu mbele na mimi nyuma, nimevaa kanzu ya kuazima iliyoshonwa kwa mtu mrefu. Nilikaa karibu na mlango. Salamu zilichukua muda ambao ningelima eka nzima. Kisha Mzee Shee akaanza kusema. Sikujua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na maneno kiasi kile. Alisema tumekuja kuomba udugu, tumesikia nyumba hii ina ua lililochanua, na sisi tuna kijana wetu, mchapakazi, yatima wa baba. Nikajikuta nampenda huyo kijana, nikasahau kwamba ni mimi.

Bwana Omari akajibu kwa maneno mazuri vile vile, lakini niliona anazunguka. Kila alipokaribia jambo lenyewe alilipita pembeni. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya mwanamke mzee, kavu kidogo.

"Huyo kijana yumo humo?"

Alikuwa Bi Rukia, mama yake Bwana Omari, nyanya yake Zuhura, ambaye ndiye aliyemlea. Nilifahamu mara moja, kwa jinsi wanaume wote walivyokaa vizuri, kwamba jibu la nyumba hii halitoki kwa Bwana Omari.

"Yumo, bibi," Mzee Shee akasema.

"Basi na aseme."

"Bibi, wazee tupo, si desturi..."

"Juzi hakuulizwa akasema. Leo kaulizwa, anyamaze? Mwache." Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti tu. "Mwanangu, lugha yako niliisikia nikiwa humu ndani. Ni lugha ya kumtuma mtu. Mjukuu wangu hakutumwa katika nyumba hii, aliombwa. Ng'ombe wako sina haja nao. Nataka kujua neno moja. Mke wako akiugua, utamwambiaje?"

Nikafungua mdomo. Maneno ya Mzee Shee yalikuwa yote yamo kichwani, lakini yalikuwa ya salamu tu, na mtu mgonjwa huwezi kumuuliza hali mara nane. Nikasema, "Nitamwambia, njema..." nikakwama. Mzee mmoja akakohoa. Kichwani nikamwona karani wa forodha akiingia mlangoni na wazee wake. Basi nikaona liwalo na liwe, nikaiacha kanzu ya kuazima ya maneno, nikasema kwa lugha yangu.

"Mama yangu ilikuwa gonjwa, siku mingi," nikasema. "Baba iko kaa karibu. Baba nasema: 'Wewe lala. Mimi nachota maji. Mimi napika. Wewe hapana kufa. Mimi hapana jua kaa moja.'"

Nikadhani nimeharibu kila kitu.

"Akapona?" sauti ikauliza.

"Napona. Halafu baba kwisha tangulia kufa."

"Na siku hiyo mamako alisema nini?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hilo. "Mama nasema: 'Mzee kwisha lala. Watoto, hapana piga kelele.' Siku tatu sisi natembea polepole."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya pazia nilisikia mtu akipenga kamasi, kisha Bi Rukia akasema, kama anayemgombeza mtu, "Wareno walikuja hapa wakatutesa, wakajenga ile ngome, wakaenda zao. Wametuachia neno la leso, na leso ndiyo hii nafutia mato yangu, na hakuna aniulizaye nimeitoa wapi." Halafu, kwa sauti ya kawaida: "Wapeni kahawa. Jibu mtaletewa."

Nje, Mzee Shee alinieleza kwamba jibu halitolewi siku ile ile. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema ameshona nguo za nyumba ile tangu zamani na mpaka leo hajui Bi Rukia anapenda rangi gani.

Jumapili nikapanda gari la moshi kurudi, sina ndiyo, sina hapana. Wenzangu wa daraja la tatu walizungumza vile vile, lakini safari hii niliwauliza hali mmoja mmoja, na habari za nyumbani, na mimi nikajibiwa, na tulipofika Voi behewa zima lilikuwa linasimuliana habari za wake na watoto. Kumbe ilitosha mtu mmoja aanze.

Njoro, Jumanne asubuhi. Mzungu wetu, ambaye wakati huo alikuwa anauza shamba, alitoka ofisini akaniona. "Juma! Wewe lete trekta, upesi!"

Nikavua kofia. "Umeamkaje, bwana? Memsaabu hajambo? Na watoto kule kwenu, wote wazima?"

Akanitazama. Miaka yote aliyosema lugha hii, naona hapakuwa na mtu aliyemfundisha namna ya kujibu. Akawa mwekundu, akatazama viatu vyake. "Memsaab..." akasema, "memsaab iko gonjwa kidogo." Lilikuwa jambo la kwanza la nyumbani kwake alilopata kuniambia. Nikampa pole, kisha nikaenda kuleta trekta.

Wiki tatu nilingoja. Sikununua kifungo wala uzi, nilikuwa naogopa kupita pale dukani. Jumamosi ya nne Mzee Athmani akatuma mtu aniite. Barua ilikuwa mezani imefunguliwa. Zuhura hakuwapo mbele, lakini pazia la nyuma lilikuwa linapumua. Mzee Athmani akanisomea. Ukurasa mzima ulikuwa salamu za Bwana Omari kwa kila mtu wa Nakuru aliye hai, na mimi, niliyekwisha zoea, nilisubiri kwa adabu. Mwisho kabisa Bwana Omari aliandika kwamba maneno yanayofuata si yake, ni ya mama yake, naye amemkataza kuyarekebisha.

Mzee Athmani akakohoa, akanipa barua. "Haya soma mwenyewe. Mimi siwezi kuyatamka."

Nikasoma: "Juma. Mimi kwisha fikiri. Karani hapana. Wewe kuja na wazee, chukua bibi yako. Hapana chelewa, tafadhali."

Nyanya wa Mvita, ambaye tangu azaliwe hakukosea neno, alikuwa amekaa na mwanawe na kalamu akanitafutia maneno yangu moja baada ya jingine. Na alikuwa amekosea mahali pamoja. Hilo neno la mwisho mimi sikupata kulisikia katika lugha yetu, si kwa Mzungu, si kwa nyapara, wala kwa baba na mama, ambao walipendana bila ya kuwa nalo. Nilisoma mstari ule mara tatu, nikalia mbele ya vitambaa vya watu, na kosa lake sikulisahihisha. Tangu siku hiyo ni neno la kwetu.